Miguu Iliyomsomesha Baba Mkubwa

Kiti chenyewe kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kina mto wa mgongo na mahali pa kunyooshea miguu, na kiliwekwa sebuleni siku ile ile Bibi alipoteremshwa kutoka chumba chake cha juu. Baba Mkubwa alikichagua mwenyewe. Inasemekana alikalia kila kiti dukani mpaka muuzaji akaomba radhi akaenda kula. Alipomkalisha mama yake alipiga magoti, akamvua viatu, akamvisha ndara laini.

"Mama," alisema, "miguu hii ndiyo iliyonisomesha. Sasa nayo ipumzike."

Hakuwa anatia chumvi. Bibi alikuwa fundi wa cherehani ya kukanyaga, na miaka yote ya ujane wake aliikanyaga tangu asubuhi hadi giza limnyime kuliona tundu la sindano. Wateja walimwita Bibi Pindo, maana pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Magoti yalipoanza kumuuma, na siku moja akateleza ngazini, wanawe walikutana wakaamua kwa kauli moja: ashushwe chini, chumba kifungwe, asiguse kitu tena.

Tangu hapo nyumba nzima ilimbeba kama yai. Akitaka maji, yanaletwa. Akinyoosha mkono aichukue miwani, kuna mtu ameshaiwahi. Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, alimnawisha mikono kwa beseni ilhali sinki lilikuwa pale pale ukutani. Hakuna aliyemkosea adabu. Nilipokuwa kwenye mafunzo hospitalini niliwaona wazee waliotelekezwa, wanaochota maji wenyewe na kufua wenyewe, na inanichoma kusema kwamba baadhi yao walikuwa na mapaja yenye nguvu kuliko ya bibi yangu.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya tiba ya viungo, nasubiri ajira, naishi kwa Baba Mkubwa, ambaye ni kaka wa baba yangu. Nilichosomea si kigumu kukieleza. Msuli usiotumika hunyauka. Goti lililoachwa na misuli yake huuma zaidi, kwa hiyo mwenye goti huzidi kupunguza kulitumia, na msuli nao unazidi kunyauka. Uzee una sehemu yake katika hayo. Kiti nacho kina yake.

"Unajua ninachokitaka?" Bibi aliniambia siku moja tukiwa wawili. "Cherehani yangu. Sitaki kushona gauni la bibi harusi. Nataka nikae dirishani pangu, nitie uzi, nikanyage, niisikie inavyokwenda."

"Tumwombe Baba Mkubwa aishushe."

"Nilishamwomba. Anasema watu watamwona anamfanyisha mama yake kazi uzeeni." Akaikunja leso yake, akaikunjua. "Lakini aliniahidi jambo. Wale wageni wake wa kamati ya mtaa, mmoja aliniuliza kama nimekikumbuka chumba changu. Mwanangu akadakia, 'Siku Mama atakayopanda ngazi kwa miguu yake, ufunguo namkabidhi pale pale.' Wakacheka wote. Mimi sikucheka."

"Basi tutapanda."

"Na haya magoti, mke mwenza? Yanalia kama mlango wa choo cha shule."

"Mlango haukazi kwa kufunguliwa, Bibi. Unakaza kwa kuachwa."

"Kumbe shuleni walikufundisha na maneno," akasema.

Tulianza kwa kusimama tu. Baba Mkubwa akiwa dukani kwake anauza vipuri vya magari, na Mama Mkubwa akiwa sokoni, Bibi aliikunja mikono kifuani akainuka kitini bila kujisukuma, kisha akakaa polepole, maana kukaa polepole kuna kazi kuliko kuinuka. Mara ya kwanza alishindwa, akarudi chini puu, akatukana tusi ambalo sikujua kama analijua. Tulimwongezea mto chini yake ili kiti kiwe kirefu, baadaye tukautoa. Aliunyoosha mguu mbele akaushikilia hewani. Alishika ukingo wa sinki akainuka kwa ncha za vidole vya miguu, akishuka kwa kujizuia. Alipozoea hilo, alisimama kwa mguu mmoja, na mimi nyuma yake mikono wazi kama kipa.

"Ukinidaka vibaya nitakuachia laana," alisema.

"Ukianguka nitanyang'anywa cheti."

"Basi wote tujikaze kisabuni."

Palikuwa na siku alizoamka magoti yamevimba, tukapunguza. Palikuwa na siku Mama Mkubwa aliporudi mapema akamkuta amesimama. Aliangusha kikapu mlangoni.

"Jamani Mama, ulitaka nini? Si ungeniita?"

"Nilitaka kusimama."

"Nami nipo kwa ajili gani?" Akamshika mabega taratibu, kwa mapenzi yote, akamkalisha. Akamfunika mapaja kwa shuka. Bibi aliniangalia juu ya bega lake, akanikonyeza.

Mashavu ya miguu yake yalianza kuwa magumu tena. Niliyaminya nikahisi kitu kinajibu chini ya ngozi. Nilifurahi kama mjinga. Niliamini kwamba ukweli ukionekana kwa macho, watu wataukubali, na kwamba Baba Mkubwa akimwona mama yake anatembea atalia kwa furaha.

Tulipanda ngazi tukiwa peke yetu, chache kwanza, kisha nusu, kisha mpaka juu. Aliugusa mlango uliofungwa, akapumua, tukashuka. Nikamwambia tumngoje Baba Mkubwa jioni, tumwonyeshe.

"Hapana," Bibi alisema. "Ahadi aliitoa mbele ya watu. Ataitimiza mbele ya watu hao hao, asije akanipa kesho na kesho kutwa."

Kwa hiyo tulingoja Jumamosi kamati ilipokuja. Wageni walikuwa wamekaa na vikombe vyao vya chai, wanazungumzia mitaro iliyoziba, Bibi alipoikunja mikono kifuani akainuka. Hakushika kitu. Mazungumzo yalikatika. Alivuka sebule na ndara zake laini, akazivua chini ya ngazi kwa kuwa zinateleza, akaushika ubao wa pembeni. Mguu wenye nguvu mbele, mwingine unafuata. Mimi nilikuwa nyuma yake, ngazi moja chini. Alipanda bila haraka, kama anayepima kitambaa. Katikati alisimama kuvuta pumzi, na nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Masikini, hakuna wa kumsaidia?"

Alifika juu. Aliuegemeza mgongo wake kwenye mlango wa chumba chake, uso umelowa jasho, anatabasamu. Sijawahi kumwona mzuri vile.

"Mwanangu," akaita. "Nimepanda. Ufunguo."

Baba Mkubwa alikuwa amesimama chini, kikombe mkononi. Aliwatazama wageni wake. Kisha akamtazama mama yake, peku, jasho linamtiririka, na nikaona kwamba hakuwa anamtazama kwa macho yake mwenyewe. Aliweka kikombe, akapanda mbio.

"Mama, unaniaibisha," alisema kwa sauti ya chini. "Watu watasema nakutesa."

"Nimepanda kwa miguu yangu."

"Baba Mkubwa, anaweza," nikasema. "Amefanya mazoezi. Mwache ashuke mwenyewe, utaona."

"Wewe nitaongea na wewe baadaye."

Akainama, akapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo wake na mwingine chini ya magoti yale, akamnyanyua. Bibi hakupigana. Aliushika mlango kwa vidole, kisha vidole vikaachia. Akabebwa ngazi zote alizozipanda, anatazama dari, miguu yake inaning'inia, nyayo zina vumbi. Nilimpisha. Sikuwa na mahali pengine pa kusimama.

Sebuleni walisimama wote. Mzee mmoja alipiga makofi, wengine wakafuata. "Huyo ndiye mtoto," alisema yule mwanamke, anafuta macho. "Bibi, una bahati wewe. Sisi wetu hata simu hawapigi." Baba Mkubwa alimweka mama yake kitini, akamvisha ndara, akamfunika shuka. Alikuwa anahema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Siwezi kumnyima hilo.

Kesho yake asubuhi nilimwendea Bibi kama kawaida. Nikamwambia aikunje mikono.

"Ya nini?"

"Tuinuke."

"Tukaende wapi?"

Nilimweleza yote niliyojua: kwamba alichokijenga kitabomoka upesi, kwamba kutembea si kwa ajili ya chumba tu, ni kwa ajili ya kwenda msalani mwenyewe, kulala vizuri, kutoanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mhubiri wa dini nyingine.

"Ukubwa jaa, mke mwenza," akasema. "Kila mwenye heshima yake anakuja kunitupia."

Sikumlazimisha. Nilijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Mashavu ya miguu yake yalilegea mkononi mwangu kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kufikia mvua zilizofuata hakuweza kuinuka bila kushikwa pande mbili, na walioomba kumshika walikuwa wengi.

Ufunguo wa chumba uliendelea kuning'inia kwenye msumari karibu na saa ya ukutani, juu kidogo ya pale mkono wake ungefika.

Baba Mkubwa naye hakutoka salama siku ile. Mgongo wake uliteguka pale alipomnyanyua, na ulizidi kumsumbua miezi iliyofuata. Mwishowe aliniita, akafunga mlango wa sebule, akaondoa meza katikati. Sebuleni ndiko kulikokuwa na zulia.

"Daktari wangu," alisema, anajilaza kwa shida karibu na kiti cha Bibi. "Hebu nionyeshe na mimi hayo mazoezi yako. Lakini watoto wasijue. Nimewaona wanaanza kunibebea mkoba. Usishangae wakija kuninunulia kiti."

Alicheka, akashika mgongo. Nilipiga magoti kando yake, nikamwambia alikunje goti moja, alivute kifuani, asibane pumzi. Nilimfundisha kwa uangalifu wote nilionao, kwa sababu mgongo ni mgongo, na kwa sababu sijui kufundisha kwa namna nyingine. Bibi alikuwa juu yetu, shuka mapajani, mikono imelala juu ya shuka. Alitazama goti la mwanawe likipanda na kushuka.

"Mfundishe vizuri, mke mwenza," alisema. "Wanawe nao wanampenda sana."