Kibuyu Chini ya Meza ya Meneja

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe, nalisema wazi. Ila hasira niliyonayo kwa watu wa bima haijaisha hadi leo.

Nilifundisha shule ya msingi Murusagamba. Kwa miaka ishirini, kila mwezi, shirika la bima lilikata mshahara wangu kabla sijaugusa. Bima ya maisha ikaiva mwaka tisini na tano, malori ya mahindi yakipishana kwenda kambi ya wakimbizi ya Benaco. Nikalipwa fungu langu. Bonasi, nusu. Eti wakimbizi wamepandisha gharama za ofisi ya Ngara. Gharama zipi, na jengo wamewapangisha wazungu wa misaada kwa dola, wao wakajibana vyumba viwili vya uani?

Ndassa, niliyesoma naye ualimu, alikata bima mwezi mmoja na mimi, makato yale yale. Ofisi ya Biharamulo ilimlipa bonasi kamili. Barua yake ya malipo ninayo. Nusu ningeifanyia nini mimi, hata nikiijumlisha na lile fungu? Kibanja changu cha migomba nilikiweka rehani kwa Anuari mwenye duka, nipate kumtibu marehemu mume wangu. Nisipolipa kufikia Jumamosi, kinakwenda. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilikwenda ofisini na Alfonce, mstaafu mwenzangu. Alibeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

“Mwalimu, hatuendi kwa mtu mikono mitupu,” akasema. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamfuata.

Meneja, kijana wa kumzaa, alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakisukuma chini ya meza. Kisha akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa.

“Wekeni sahihi hapa, wazee wangu. Nitawaombea makao makuu wawafikirie.”

Nikaisoma. Ilisema sisi ni wastaafu wenye shida, tunaomba msaada, na hatutakuwa na dai lingine lolote.

“Mwanangu, nani kaomba msaada?”

“Mama, si mmekuja na kibuyu?” Akacheka kidogo. “Mtu wa kudai angekuja hivi?”

Alfonce alikuwa ameshashika kalamu, maskini. Nikamnyang'anya. Nikainama na mgongo wangu huu mbovu, nikakitoa kibuyu chini ya meza, nikatoka nacho pamoja na ile karatasi, Alfonce nyuma yangu.

Nje, wateja tisa walikuwa wakisubiri kwenye mabenchi. Nice alikuwa na kuku mapajani. Gaspari alikuwa na mkungu wa ndizi.

“Hivyo vitu mrudi navyo nyumbani,” nikawaambia. “Hatukuja kuposa.”

Walinishangaa mpaka nilipowasomea karatasi yote. Nice akamfunga kuku wake kwenye mguu wa benchi, akasimama. Gaspari akafuata.

Tuliingia wote kumi na mmoja, chumba kikajaa. Meneja alianza kututazama mikononi. Nikamwekea mezani barua ya Ndassa.

“Kibanja changu kina siku tatu,” nikasema. “Hatutoki.”