Mikono Miwili Ukutani

"Hiyo bunduki ni ya nani?"

Mchoraji hakugeuka. Alikuwa amesimama juu ya meza, akimalizia kola ya sare kwa ncha ya kidole. "Ya askari, mama. Askari ana bunduki kama wewe ulivyo na ndoo."

Mama Chokaa akaitua ndoo yake chini. Ukuta huu wa shule aliujua kila kovu. Aliupaka chokaa kila likizo, tangu mwanawe yuko tumboni. Sasa mwanawe mwenyewe alikuwa juu yake, mkubwa kuliko alivyopata kuwa, amechorwa kwa ubavu, anakimbia, uso kaukunja kama mtu aliyeuma ndimu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imenyooka mbele ya kiuno, na mikononi bunduki, nyeusi juu ya weupe wa chokaa.

"Alipokufa hakuwa nayo," alisema. "Aliitupa."

"Mimi nimepewa picha na maelekezo. Kaongee na Meja."

Meja alikuwa barazani na mwalimu mkuu, wakipanga viti vya sherehe ya kesho. Alimwamkia kwa adabu, akamvutia kiti. Mama Chokaa hakukaa.

"Mwanangu alibeba watu," alisema. "Alimbeba mwenzake Korongo mgongoni mpaka kwenye lori, akarudi kumchukua mwingine, ndipo wakampiga. Hakuwa na bunduki. Korongo mwenyewe kaniambia."

"Ripoti inasema alipigana hadi risasi ya mwisho, mama."

"Ripoti ilikuwepo?"

Mwalimu mkuu alikohoa. Meja akashusha sauti, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa bila kulia. "Nisikilize, mama yangu. Askari akitupa silaha mbele ya adui, kwetu hapati nishani. Anafunguliwa kesi. Korongo alipotuambia, tuliamua tusiliandike hilo, kwa heshima ya kijana. Basi chagua: shujaa mwenye bunduki, au mkosaji asiye nayo."

Mama Chokaa alikisukuma kile kiti pembeni. Alikuwa tayari amegeuka kuondoka, mwalimu mkuu alipomwita, anasuguasugua viganja.

"Samahani, mama. Kesho asubuhi utupakie chokaa yale mawe ya njiani. Wageni wakubwa wanakuja, unajua tena."

Alimtazama mpaka mwalimu akaangalia viatu vyake. Hata mawe ya kuwapokea wanaokuja kumzulia uongo mwanawe, ayapake yeye.

"Nitapaka," alisema.

Asubuhi ukuta ulikuwa umefunikwa pazia refu la kijani. Mama Chokaa alifika kabla ya wageni, gauni lake la sherehe amelifunga kiunoni kwa khanga kuukuu. Alipiga magoti kwenye changarawe, akaanza jiwe la kwanza. Korongo alimkuta hapo. Jina hilo alijipa mwenyewe hospitalini, siku walipomsimamisha kwa mguu uliobaki.

"Shikamoo, mama. Nikisimama hapa sana nitapakwa na mimi."

"Marahaba. Wewe kuni za nini hizo kwapani, si ukae."

Akakaa juu ya jiwe ambalo halijapakwa, magongo akayalaza. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa pini.

"Nimewekwa mstari wa mbele," alisema. "Nimeambiwa nikae na nitabasamu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo, afande." Alichokonoa changarawe kwa ncha ya gongo. "Nina watoto, mama. Nikifungua mdomo, ile posho ya mguu..."

"Sijakuuliza posho." Brashi iligonga jiwe, chokaa ikaruka hadi kwenye kiatu chake kimoja kilichong'arishwa. Hakuomba radhi. "Ulivyoniambia jikoni kwangu, niambie tena. Hapa, karibu na hilo pazia."

Korongo aliifuta ile chokaa kwa kidole. Kisha akasema, "Nilimwambia, chukua bunduki yako, fala wewe, watakufunga. Akanijibu, mikono ninayo miwili tu. Chagua, nikubebe wewe au nibebe chuma."

"Ukachagua nini?"

"Sikusema kitu, mama. Nilimshika shingo. Nilimshika kama mtoto."

Mama Chokaa aliinuka. Mawe yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu. Aliongeza gundi na chumvi kwenye ndoo ili chokaa ishike, akakoroga kwa nguvu isiyohitajika, akaenda kuvuta meza ya mchoraji.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini. Wewe tabasamu."

Nyuma ya pazia kulinuka rangi mpya. Alipanda mezani, na kwa mara ya kwanza akawa uso kwa uso na mwanawe. Huo uso wa ndimu hakuugusa. Rangi za uso hakuwa nazo. Alianza na mtutu. Chokaa mbichi haifichi kitu, hulowesha ukuta tu, na kilicho chini hukutazama vilevile. Weupe huja jua likiikausha. Alipaka, akapaka tena juu yake, huku akinong'ona maneno ambayo hangeyatamka mbele ya mwalimu yeyote. Alipofika kwenye vidole alipunguza mkono. Alivizunguka kimoja kimoja, taratibu, kama alivyokuwa akimkata kucha amelala, asije akaamka.

Alikuwa kwenye kiti chake, khanga imefichwa chini, wageni walipoingia wakipita mawe ambayo nusu yalikuwa meupe na nusu ya kijivu. Meja alilitazama hilo, akamtazama yeye, akavuta kamba.

Pazia likaanguka. Bunduki ilikuwepo, imelowa kidogo, inang'aa. Watu walipiga makofi. Mama Chokaa hakupiga. Labda gundi ilikuwa kidogo, labda rangi ya yule mchoraji ingeikataa chokaa.

Meja akaanza kusoma. Alisoma juu ya kiapo, juu ya damu, juu ya kijana ambaye silaha yake haikutoka mkononi. Jua lilikuwa limepanda juu ya paa la madarasa, likapiga ukuta katikati.

Minong'ono ilianzia nyuma, kwa akina mama. "Hebu tazama." "Nini?" "Bunduki, inakwenda wapi?" Mtutu ulikuwa umeingia ukungu. Kisha ukawa moshi, kisha haukuwepo. Meja alisoma mstari mmoja zaidi peke yake, halafu akageuka.

Ukutani kijana alikuwa anakimbia na mikono mitupu mbele yake, kiganja kimoja juu, kama anayempokea mtu. Korongo alikuwa ameacha kutabasamu. Aliyapapasa magongo yake, akasimama mbele ya wote, akabaki hivyo.

"Mama," Meja alisema. Kijisanduku cha nishani kilikuwa wazi mkononi mwake. Haikujulikana kama anakitoa au anakirudisha.

Mama Chokaa alisimama, chokaa kwenye kucha. Hakumtazama. Chini kabisa, palipokuwa bado na kivuli cha paa, kitako cha bunduki kilionekana, cheusi, bado kimelowa. Kivuli kilikuwa kinasogea. Alikunja mikono kifuani, akasubiri jua.