Maziwa ya Sehemu ya Nne

…simulia, simulia, kana kwamba hadithi ni bomba la maji, unafungua na ndoo inajaa, watu mia nne na kumi na wawili ndani ya grupu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mgongo unaniuma, wao wanachotaka ni Teta wa hadithini aolewe, tena leo, kabla ya sala ya Ijumaa ikiwezekana, na Isimbi binti yangu ameinua mkono kunizuia kwa sababu ndege ya saa nne inashuka, mlio wake ukiingia kwenye vokali, sauti tunayorekodi, watu wa Bukavu watalalamika tena kwamba Bibi anasimulia akiwa amekaa juu ya bawa, basi nangoja, telefone iko juu ya kigoda, kidole chake kimoja kiko tayari kubonyeza, mkono mwingine uko hewani kama wa polisi wa barabarani, na mimi nina ungo mapajani, mchele wa Bugarama, mtamu na wenye mawe, bila ungo sisimulii, mikono ikikaa bure mdomo nao unakaa bure, wasikilizaji wameshazoea kusikia punje zikichakacha, siku niliyosimulia bila mchele waliandika kuuliza kama naumwa… ilikuwa mara yao ya kwanza kuuliza, nao waliulizia mchele.

Wananiita mwandishi. Mimi niliyeishia darasa la tatu, niandikaye jina langu na orodha ya soko na basi, mwandishi, Damascène ndiye aliyeliweka hilo neno juu kabisa ya grupu, Mwandishi Wetu Bibi Mukantwari, yeye ndiye msimamizi, amestaafu kiwanda cha saruji huko chini Bugarama na sasa anaendesha grupu kama alivyoendesha tanuru, nani aingie, nani atolewe, nani amecheka mahali pa kulia, Jumanne na Ijumaa sehemu mpya, ikichelewa saa moja anapiga simu, Bibi, bantu bamesimama mulangoni, namwambia waambie wakae chini, nami nasema, Isimbi anarekodi, mchana anasikiliza na kuandika yote kwa herufi kwa ajili ya wale walio kazini wasioweza kufungua sauti, mambo yalianza hivyohivyo wakati wa korona tulipofungiwa ndani, yeye ndiye aliyeniomba nisimulie, akanirekodi nikiwasimulia wajukuu kwa simu, akapeleka kwa rafiki zake, na sasa tumefika sehemu ya mia mbili na moja, kuna mtu aliniomba picha ya Mugabo, picha, ya mwanamume niliyemtoa kichwani nikiosha sufuria… ndege inaguruma, haijagusa chini bado, Isimbi haniangalii, anaangalia mti wa parachichi wa jirani.

Tatizo ni Mukeshimana. Huyo ni mke wa mwalimu wa madrasa, yuko Bugarama pia, mwanamke wa adabu, haandiki hovyo, ila ametunza sehemu zote tangu ya kwanza kama mtu anayetunza risiti, na Jumanne, nilipomaliza kuwafikisha Teta na Mugabo kwenye kupima nguo za harusi na watu wote wanarusha mioyo na maua, akaandika, Bibi wangu nisamehe, sehemu ya nne, dakika ya sita, ulisema mama yake Mugabo alipokuwa hospitali mama yake Teta alimnyonyesha mtoto siku tatu, sasa hawa si ni ndugu wa ziwa moja, hii ni harusi gani… na nyumba ikawaka moto, ujumbe mia moja arobaini kabla ya magharibi, Wakatoliki wanasema maziwa ni maziwa, waacheni watoto waoane, Waislamu wanahesabu, mmoja anasema ni lazima iwe mara tano za kushiba, mwingine anamjibu siku tatu ni mara ishirini na nne, wewe hujalea, na Muderhwa wa Bukavu, ambaye Mungu hakumpa breki ya mdomo, akauliza kama maziwa ya mbuzi nayo yanahesabika, kwa sababu kama ni hivyo nusu ya ukoo wake ni mbuzi, Damascène akafunga grupu mpaka leo, akaandika kwa herufi kubwa, MWANDISHI ATAJIBU IJUMAA.

Mwandishi atajibu. Zamani nilikuwa najibu bila kutoka jasho, mzee Mugwaneza nilimzika sehemu ya tisa, wakamlilia vizuri, sehemu ya ishirini na mbili nikamsahau akanunua baiskeli, watu wakauliza, Bibi, huyu si marehemu, nikasema ni mdogo wake, walifanana, walichanganywa tangu utoto, wakafurahi kuliko kama nisingekosea, wakasema Bibi alipanga tangu mwanzo, na mimi nikanyamaza kama aliyepanga, marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani pale sokoni Kamembe, najua kiraka kinavyokaa, unakata kipande kutoka ndani ya pindo ambako hakuna anayeangalia, unakiweka mbele, na mteja anaondoka akidhani nguo ni nzima, kwa hiyo kiraka cha hapa nakijua, Isimbi mwenyewe amekisema asubuhi hii akipuliza mkaa, Maman, sema tu ilikuwa maziwa ya ng'ombe, kwa chupa, bantu banyamaze tuendelee, neno moja, ng'ombe, na Teta ameolewa… alikuwa anapuliza mkaa, sikuuona uso wake.

Ila hilo la siku tatu sikulitunga, ndiyo shida ya kusema huku mikono inafanya kazi nyingine, mdomo unaokota kilicho karibu, na kilichokuwa karibu siku ile kilikuwa kweli. Mukantabana alikuwa jirani yangu wa upande huu wa ukuta, hatukuwa tunasalimiana, alisema bombani mbele ya wanawake wote, mimi kwa ule mwanamuke sinywi hata maji, kikombe chake kinanuka, mimi, ninayesugua vikombe kwa majivu, nikaweka ndoo yangu kichwani nikaondoka, mwezi haukuisha akajifungua mtoto wa kiume, damu ikakataa kusimama, wakambeba hajitambui mpaka hospitali ya Mibirizi, mtoto akabaki na bibi yake, mama mkwe wa Mukantabana, na mtoto analia siku nzima, maji ya sukari anatema, alfajiri yule kikongwe akasimama kwenye ua wangu na kifurushi, mimi nilikuwa na Isimbi wa miezi mitatu kifuani, Isimbi alikuwa ananyonya la kulia tu, la kushoto hakulitaka tangu alipozaliwa, nimemtania kwa hilo maisha yake yote mbele ya dada zake, la kushoto lilikuwa limejaa linaniuma, nikasema lete, siku tatu, la kushoto, mpaka anasinzia maziwa yakimtoka pembeni ya mdomo, halafu Mukantabana akarudi, mwembamba, mweupe midomo, na kikongwe akaniambia tusimwambie, ana hasira, ataumwa tena, nikasema sawa.

Sawa. Nilisema sawa haraka sana, na si kwa ajili ya afya ya Mukantabana, acha nijiambie mwenyewe maana hapa hakuna vokali, nilisema sawa kwa sababu ilikuwa tamu, mwanamke asiyekunywa maji katika kikombe changu, mwanawe amekunywa mimi mwenyewe, kila alipopita pua juu nilikuwa nayo mdomoni kama peremende, miaka ishirini na moja haikuisha, nilijua sheria, kila mwanamke hapa mtaani anaijua, ukinyonyesha mtoto wa mwenzio unatangaza, unawaambia majirani mmojammoja ili watoto wakikua wasije wakatamaniana kwa kutojua, nilijua na nilinyamaza, kikongwe akafa, halafu Mukantabana naye, miaka minne sasa, nilikwenda msibani nikapika, na siku ile ile peremende ikaisha ladha, nikabaki na kijiti.

Na mtoto ni Hakimu. Hakimu anayechomelea mageti, mikono yake ina alama za cheche, mwaka jana alikuja kutengeneza bawaba ya geti letu, akarudi kuikaza, akarudi kuitia grisi, hakuna geti duniani linalohitaji bawaba ikaguliwe kila Alhamisi, nikaona, si kipofu, nikasema itapita, vijana wanapita, nikasema nitasema baada ya Ramadhani, baada ya Idi nikasema nitasema mvua ikikatika, wajomba zake wanakuja kuposa keshokutwa Jumapili, Isimbi ameshaosha mapazia, na Hakimu naye yumo ndani ya grupu, Jumanne kabla Damascène hajafunga aliandika, Bibi tafazali, bape batoto harusi yabo, akaweka kicheko, alipokuja jana akaniita Maman, anaanza kuzoea, anadhani anajifunza neno jipya.

Kwa hiyo ng'ombe. Nikisema ng'ombe leo, Teta anaolewa leo na Isimbi mwezi ujao, na hakuna aliye hai atakayenipinga, Mukeshimana ataniletea dakika ya sita, atasema lakini Bibi, ulisema ziwa la kushoto… ngoja. Nilisema la kushoto. Katika sehemu ya nne nilisema la kushoto lilikuwa la mgeni kwa sababu binti alikuwa halitaki, nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikitoa mawe, na nani aliyeandika ile sehemu kwa herufi, nani aliyesikiliza kila neno mara mbili ili asikosee, ni huyu hapa, aliyetaniwa ziwa la kulia tangu akiwa na meno ya maziwa, wakati ule halikumwambia kitu, miaka miwili imepita, Hakimu alikuwa jirani tu wa kusalimia, lakini Jumanne Mukeshimana aliwarudisha wote pale, na Isimbi alirudi pia, lazima alirudi, jana akiosha vyombo aliniuliza, Maman, ile mambo ya siku tatu uliitoa wapi, nikasema kichwani, akasema haya, haya fupi, hakucheka, mwanangu huwa anacheka nikisema kichwani, na asubuhi hii anapuliza mkaa usiohitaji kupulizwa, sema tu ya ng'ombe, hakuwa ananifundisha kiraka, alikuwa ananiomba.

Punje, punje, jiwe. Kuku wa jirani anatangaza yai. Nasikia mlango wa duka ng'ambo, nasikia mtu anasukuma toroli, nasikia vizuri sana, maana ndege imenyamaza, imenyamaza zamani, abiria wameshashuka labda na mizigo yao wameipata, hakuna mlio wowote wa kuogopa uingie kwenye vokali, na mkono wa Isimbi bado uko juu, vidole vimenyooka, anaangalia mti wa parachichi, ataushikilia mpaka misuli ikatike, hatausogeza, kwa sababu mkono ukishuka mimi nitasema, na yeye hajui nitasema lipi, au anajua… sijawahi kumwona mtu akingoja kelele irudi.

Basi sehemu ya mia mbili na moja itakuwa hivi, naiona, haina kiraka. Nguo za harusi zimeshapimwa, wajomba wameketi, na mama yake Teta anaweka ungo chini anasema, huyu nilimnyonyesha, siku tatu, mpaka kushiba, nilinyamaza kwa sababu ya maneno ya bombani, hatalia, sitamruhusu alie, wasikilizaji watamtaka afukuzwe, wengine watataka augue, Muderhwa atataka mbuzi, wataniandikia, Bibi, mama huyu lazima alipe, nami nitawaambia alilipa, nitaisema polepole Isimbi apate kuiandika. Mugabo alienda kuchomelea mageti Uvira. Hapana, Mugabo si mchomeleaji, atakuwa dereva, alienda Uvira na lori, akirudi anasalimia kwa heshima kama mtoto wa nyumba, ndivyo alivyo. Na Teta hakumtukana mama yake, hakuhama, alimletea maji ya kuoga, alimletea dawa ya mgongo, alimpikia, alimtandikia mkeka uani penye jua, kila kitu ambacho binti anampa mama alimpa, kwa wakati wake, bila kuchelewa. Kitu kimoja tu hakukifanya tena mpaka mama anazikwa. Hakumwomba asimulie.