Nafasi ya Babu

Kwetu Lokri watu hawasimami wakigusana mabega. Wanaume wakijipanga vitani huacha nafasi ya mtu mmoja katika safu. Ni ya babu yetu, shujaa aliyepigana katika vita vya mji wa Troia. Wanasema anakuja kuijaza, na adui anayejipenyeza pale hatoki mzima. Basi nasi mabinti tumezoea. Tukienda kisimani, tukicheza, hata tukilala mkekani, tunaacha pengo katikati. Hakuna anayetufundisha.

Babu huyohuyo ndiye aliyetuleta hapa, kwenye hekalu la Troia. Siku Troia ilipochomwa, binti wa mfalme alikimbilia hekaluni akaikumbatia sanamu ya mungu wa kike Athena. Babu akamvuta kwa nywele mpaka sanamu ikang'oka naye. Sanamu ikainua macho darini isione, na haijayashusha mpaka leo. Tangu hapo, kulipa kosa hilo, Lokri hupeleka wasichana wawili kila mwaka kulifagia hekalu hilo, vichwa vimenyolewa, miguu mitupu, nguo moja tu mwilini. Safari hii kura ilituangukia mimi, Timareta, na Filinna, binti wa mfinyanzi.

"Vipara vyangu vimeamkaje?" Mama Melito, kuhani mkuu, hutusalimu hivyo kila asubuhi.

"Vinang'aa, Mama," Filinna hujibu. "Ukitaka kujitazama, sogea."

Watu wa mjini hubishana kama vita vile vilikuwepo kweli. Mwuza samaki wa langoni alikuwa akitucheka. "Mnafagia kwa ajili ya nyimbo za walevi, dada zangu! Hakuna mfalme aliyewahi kukaa kwenye kilima hiki. Hapa ni mbuzi tu."

Kisha, wakati wa mavuno ya zabibu, mafundi wakang'oa bamba la sakafu wajenge madhabahu mpya. Chini yake kulikuwa na majivu meusi, kina chake kama urefu wa mkono, na ndani yake vichwa vya mishale na ukuta uliopasuka kwa moto. Mwuza samaki alikuja kutazama. Tangu siku ile hajatucheka tena.

Bamba lilirudishwa, lakini kesho yake tuliyakuta majivu sakafuni, membamba kama unga. Tukafagia. Kesho yake yapo tena. Tulifagia kama tulivyozoea, mimi kushoto, Filinna kulia, pengo katikati. Siku ya nne Filinna akasimamisha ufagio.

"Shoga, tazama."

Katika pengo letu kulikuwa na alama za miguu. Miguu mikubwa, yenye viatu vya kamba, ikielekea kwenye sanamu.

"Panya," nikasema.

"Panya gani anavaa viatu?"

Hatukucheka. Nyayo zilianzia mlangoni, pale tulipoanzia kufagia, na kila tulipopiga hatua, nyingine ilijichora baina yetu. Hapo nikaelewa. Babu hakuwa na njia ya kuingia hekaluni mpaka sisi mabinti wa Lokri, kwa mazoea yetu ya nyumbani, tulipomwachia nafasi.

Leo mwaka umetimia, na meli ya Lokri inangoja pwani. Anayetaka kuipanda sharti aombe radhi mbele ya sanamu, kwa maneno yaleyale ya siku zote. Anayekataa anabaki na ufagio wake mpaka azeeke.

Filinna alitangulia. Alipiga magoti. "Mimi niliyemvuta binti kwa nywele," akasema, "naomba radhi."

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoizoea. Nyayo zilizokuwa zimesimama mbele ya sanamu zikageuka, moja baada ya nyingine, mpaka zikamwelekea yeye. Akainuka, akatoka bila kuniaga. Nilimtazama akiteremka kilima kuelekea pwani. Alitembea upande mmoja wa njia ingawa njia yote ilikuwa tupu, na vumbini, kando ya miguu yake mitupu, iliambatana jozi nyingine ya nyayo.

"Zamu yako, kipara," Mama Melito akasema.

"Mama, umeona kilichotoka naye?"

Alikwepa macho yangu. "Nimeona wengi wakitoka, mwanangu. Sema maneno uende kwenu. Mama yako anakungoja."

Ni kweli ananingoja. Nilimfikiria akiwa mlangoni, mikono ina unga. Kisha nikakanyaga pale katikati, kwenye nafasi ambayo Lokri nzima haijawahi kuikanyaga. Jiwe lilikuwa na joto, kana kwamba limetoka motoni sasa hivi. Sikuondoka. Nilipoinua uso, macho ya sanamu hayakuwa tena darini. Yalikuwa yakinitazama.

"Sema basi!" Mama Melito akanihimiza.

"Sikumvuta mtu mimi, Mama. Aliyemvuta ana miguu yake, na nyayo zake zimekuwa humu ndani tangu mavuno. Mwiteni arudi aseme mwenyewe."

"Meli itakuacha, Timareta."

"Iniache. Siombi radhi."