Tundu Lililorukwa

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Ndizo zilizonifanya nimwambie baba mbele ya wateja, "Ondoka hapo kitini, macho yako yamechoka, unaharibu viatu vya watu!" Baba huyo huyo aliyenifundisha kazi ya kushona viatu. Aliweka sindano mezani, akaniachia kiti, akaenda zake nyumbani. Tangu hapo akaninunia. Nikajiambia, aah, atapoa. Nilipopiga moyo konde kwenda kumwomba radhi, maradhi ya kusahau yalishanitangulia.

Nilimpigia magoti. "Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini, dada?" akaniuliza kwa adabu zote. "Kwani tunajuana?"

Jamani! Heri angenizaba kofi.

Tangu siku hiyo kaka alimleta dukani kila asubuhi, nishinde naye. Alinisalimia, "Habari za kazi, fundi?" kama mteja mgeni. Siku nyingine alinisimulia habari za binti yake. "Mkono wa kazi anao. Lakini mdomo ule, Mungu atusaidie!" Nilicheka mpaka nikalia.

"Ukimwona utamwambia nini?"

Akafikiri sana. "Nilikuwa nalo la kumwambia," akasema. "Limenitoka."

Siku ya mwisho alikaa pekupeku kwenye benchi la wateja, maana kiatu chake nilikuwa nacho mimi, nashona soli. Akanyoosha mkono, nikampa. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole, kikasimama.

"Umeruka tundu moja. Kila siku nakwambia usikimbilie kumaliza."

Nilimsogelea. "Unamwambia nani kila siku, baba?"

Akanitazama, akatabasamu, akauliza chai iko wapi. Kesho yake hakuamka.

Kaka anasema fundi yeyote wa zamani angeyasema hayo, ni mazoea ya mdomo tu. Shangazi anaapa kwamba alinijua, "na amekusamehe, mwanangu, lala usingizi." Nimegombana nao wote wawili. Asubuhi namwamini kaka, jioni namwamini shangazi. Niliyemtaka anijibu yuko kaburini, na mimi bado namhoji kama polisi. Nimechoka, na nadhani yeye pia nimemchosha.

Juzi nilikishusha rafuni kile kiatu chake, nikatia uzi kwenye sindano, nilishone lile tundu yaishe. Nikaweka gumba pale liliposimama lake. Nikashindwa. Nikauchomoa uzi.

"Fundi," akasema mteja mmoja wa siku nyingi, "hapo umeruka tundu."

"Hilo nalijua," nikamjibu. Wateja wengine walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi, wengi wao walikuwepo siku ile nilipomfukuza. Nikasimama, nikasema kwa sauti wanisikie wote, "Nisamehe, baba."

Nikakirudisha kiatu rafuni jinsi kilivyo, nikafuta machozi, nikamwuliza wa kwanza kwenye foleni chake kina nini.