Mtaa wa Watembea kwa Miguu

Kinyozi yule walimwita Mjumbe, ingawa hakuna aliyewahi kumpigia kura. Likitokea jambo mtaani, maji yamekatwa au majirani wanagombania kibaraza, watu walikwenda kulisemea kwenye kiti chake cha kunyolea, naye akalifikisha manispaa. Alipenda kusemea watu. Mkewe alikuwa akisema kwamba huyu mwanamume angefunga mdomo, angenyoa vichwa mara mbili ya anavyonyoa.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa mafundi. Fundi viatu, fundi redio, mama wa cherehani, na mlango wa pili kutoka kwa kinyozi alikuwepo shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi baiskeli. Huyo tangu ujana aliitwa Spoki, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Magari yalipita hapo yakigombea njia na mikokoteni, vumbi likaingia hadi kwenye povu la sabuni ya kunyolea. Kuvuka kwenda upande wa pili ilikuwa kazi ya kupiga moyo konde.

Basi manispaa ilipoleta mradi, Mjumbe akawa wa kwanza kuitwa. Ofisa wa mradi, dada mmoja mpole, alimwonyesha ukutani picha za mtaa utakavyokuwa. Gari hata moja hakuna. Chini vitofali vyekundu, pembeni miti, mabenchi na njiwa, watu wanatembea na watoto wao bila haraka. Kwenye picha moja kulikuwa na duka la kinyozi lenye mlango wa kioo.

"Hili ndilo duka langu?" akauliza.

"Linaweza kuwa lako," yule dada akamjibu. "Anayetembea ndiye anayenunua. Aliye ndani ya gari anapita tu."

Maneno yale yalimkolea. Alirudi mtaani kifua mbele, akaanza kupita mlango kwa mlango. Aliwaambia wenzake kwamba watahama miezi michache tu, mafundi wa manispaa wakimaliza watarudi mahali pazuri kuliko walipotoka. Wakamkubalia mmoja mmoja, maana walishazoea kwamba akisema yeye, amekwisha kuuliza. Aliyebaki kukaza shingo ni Spoki.

"Shemeji, kazi yangu mimi iko nje," Spoki alisema, mikono imejaa grisi, baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake magurudumu juu. "Hiyo picha uliyoonyeshwa, ulimwona mtu mchafu wa mikono?"

"Picha haiwezi kuonyesha kila kitu."

"Mbona ulisema kulikuwa na njiwa?"

Mjumbe akacheka, lakini hakumwachia. Alimfuata dukani, akamfuata nyumbani, mwisho akamtuma mkewe. Dada mtu akaenda kukaa na mdogo wake, akamwambia taratibu, "Usimwaibishe mume wangu, mdogo wangu. Mtaa mzima umekubali."

"Naondoka kwa sababu yako wewe, dada," Spoki alisema. "Kwenye picha yake mimi simo."

Wakahama wote. Miezi michache ikawa mingi, kisha mwaka ukakatika. Fundi redio akaenda kwao, hakurudi. Spoki alipata kibanda nyuma ya stendi ambako wateja wake wa zamani hawakumjua aliko, na wapya walikuwa na mafundi wao. Mjumbe aliwanyoa watu uani kwake, huku akiwatuliza wenzake waliokuja kuuliza. Vumilieni, kazi nzuri haitaki pupa.

Na kazi ilikuwa nzuri kweli. Siku ya kufungua mtaa, vitofali viling'aa, miti imeshika, vizee wamejaa kwenye mabenchi kana kwamba walizaliwa hapo. Mjumbe alipewa kipaza sauti aseme kwa niaba ya mafundi. Alisema vizuri, akapigiwa makofi hata na wakubwa. Spoki alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni.

Kesho yake kinyozi alikwenda kufungua duka, akamkuta mwenye nyumba mlangoni.

"Kodi imebadilika, kaka," mwenye nyumba alisema. "Mtaa umepanda hadhi."

Kodi aliyoitaja ilikuwa ya kumkatisha mtu tamaa asiombe hata kupunguziwa. Mjumbe akaondoka mbio mpaka kwa yule dada wa mradi. Dada alimsikiliza hadi mwisho, na ilionekana wazi kwamba roho inamuuma.

"Mradi ulikuwa wa barabara," akasema. "Nyumba zina wenyewe. Hatuna amri nazo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hakuna aliyeuliza."

Mjumbe akainuka kuondoka. Kwa mikutano yote ile, kwa maneno yote aliyoyabeba huku na huku, swali hilo moja hakuwa amelibeba.

Duka lake likawa la kahawa. La Spoki likawa la miwani ya jua. Spoki alijaribu kurudi na sanduku lake la vifaa pembeni ya njia, akaziba tyubu mbili tatu, askari wa manispaa wakaja wakalichukua lile sanduku kwa kosa la kuchafua vitofali. Hakulifuatilia. Baada ya muda mkewe Mjumbe akaleta habari kwamba mdogo wake amepata kazi ya ulinzi. Alipoulizwa ni wapi, alijishughulisha na sufuria.

Mjumbe alikuwa sasa ananyoa watu majumbani kwao, mashine ya betri na shuka ndani ya mkoba. Alasiri moja mteja wake wa miaka mingi alimwomba wakutane kule mtaani, kwenye benchi, penye kivuli. Mjumbe alisita, kisha akaenda. Alimfunga mzee wa watu shuka shingoni, akamaliza upande wa kulia. Filimbi ikalia nyuma yake.

Aligeuka. Ilikuwa sare ya bluu iliyompwaya mvaaji mabegani.

"Shemeji," Spoki alisema.

"Shemeji."

"Biashara hairuhusiwi hapa."

"Nimalize upande mmoja huu. Si unamwona alivyo?"

"Msimamizi yuko pale kwenye kona ananiangalia. Nikikuachia wewe, kesho na mimi niko nje."

Mjumbe alizima mashine. "Kwa hiyo wewe ndiye wa kunifukuza mimi kwenye mtaa huu."

"Wewe ulinitoa kwanza," Spoki alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Tena kwa maneno matamu. Mimi maneno sina, shemeji. Nimepewa filimbi."

Yule mteja alijifungua shuka mwenyewe, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga, nusu ya kichwa imenyolewa. Mjumbe alikunja vyombo vyake. Alipoinua macho alimwona shemeji yake amechuchumaa anazoa nywele kwa mikono, unywele kwa unywele, kwa sababu zingebaki, kosa lingeandikiwa yeye. Alitaka kuinama amsaidie. Hakuinama.

Mkewe hutembea kwenye mtaa ule kila jioni. Daktari ndiye aliyemwambia atembee, na presha imeshuka kweli. Hata kulala analala.

"Twende siku moja," humwambia mumewe. "Mtaa ni mzuri, baba watoto. Uzuri wake si uongo."

"Sijasema ni mbaya," Mjumbe hujibu, na haendi.

Spoki huja kumwona dada yake, ila huja saa ambazo Mjumbe yuko kwenye mizunguko yake ya kunyoa. Hakuna anayelisema jambo hilo. Mjumbe hurudi akakuta vikombe viwili kwenye beseni la vyombo, kimoja kina sukari nyingi chini, kama alivyopenda shemeji yake tangu Mjumbe hajamwoa dada mtu. Siku za mwanzo alikuwa akimsubiri mkewe amweleze. Siku hizi huviosha, akavifuta, akavirudisha kabatini kabla mkewe hajarudi kutoka kutembea.