Herufi Mia Mbili na Sitini

Mimi na kompyuta hatujawahi kugombana. Ninayegombana naye ni binadamu anayezipa folda majina. Katika chuo chetu cha uuguzi, hapa Kinshasa, kila folda kwa amri huanza na jina zima la mkubwa: Mheshimiwa Profesa Daktari Iyeli Botuli Symphorien, Mkurugenzi Mkuu. Ndani yake kuna folda ya idara, jina lake tena. Ndani yake ya mwaka, jina lake tena. Mtu hatosheki.

Asubuhi ile niliwasha skripti, programu ndogo ya kuchapisha vyeti. Wenye majina mafupi walitoka. Bolumbu Ekanga Godelieve hakutoka. Kioo cha kompyuta kiliandika kwamba njia ya faili lake haipatikani.

Mwenyewe alikuwa amesimama dirishani. "Kaka Placide, hospitali wanakitaka kabla ya saa sita. Nikichelewa wanampa mwingine, na kazi yenyewe nimeitafuta miaka miwili."

Nikahesabu. Kompyuta hii hukubali njia ya herufi mia mbili na sitini, kuanzia folda ya kwanza hadi jina la faili. Mkurugenzi na folda zake tatu walishakula mia mbili na arobaini.

Nikamwendea. "Papa Profesa, tukipunguza jina lako kidogo kwenye folda..."

"Tupunguze nini? Uprofesa au udaktari?" Akaniangalia. "Huyo msichana ana majina mangapi?"

"Matatu."

"Hata kazi hana, majina matatu ya nini? Punguza lake."

"Lakini skripti hulichukua jina la faili na kuliandika kwenye cheti, Papa."

"Si ana mdomo? Atajieleza."

Ningekataa. Nina watoto wanne, sikukataa. Faili nikaliita B, na cheti kikatoka palepale: mkurugenzi mistari mitatu ya dhahabu, chini yake B.

Saa nane Bolumbu alirudi. "Wameniuliza B ni nani. Nikasema ni mimi, wakacheka. Wameshampa mwingine." Hakulia. Alikiacha cheti mezani kwangu akaondoka, nami nikaona aibu mpaka nikashindwa kumwita.

Nikakipeleka kwa mkurugenzi, nikamweleza yote. Akavaa miwani, akaisoma mistari yake mitatu polepole, neno kwa neno.

"Mbona jina liko sawa," akasema, akanirudishia.